Mama Akikaribisha Wageni

Jarida la chuo limefika jana mchana kwenye bahasha kubwa yenye jina la mdogo wangu. Limeletwa kwetu kwa sababu eti hiyo ndiyo anuani yake waliyo nayo. Chuo cha sanaa na usanifu majengo, toleo la mwisho wa mwaka. Ukurasa wa kumi na mbili kuna maandishi manene: Mafanikio ya Wahitimu Wetu. Mmoja amechonga sanamu ya mita sita, imesimamishwa mbele ya uwanja wa ndege. Mwingine amechora ukuta mzima wa hospitali ya watoto. Kuna dada mmoja katengeneza viti vya mianzi vizuri mno, vimewekwa kwenye jumba la makumbusho na hairuhusiwi kuvikalia. Haya. Halafu nusu ya ukurasa iliyobaki ni ya mdogo wangu. Tuzo ya Nyumba Bora ya Mwaka. Na picha.

Hiyo picha nitaifikia. Kwanza niseme kuhusu nyumba, maana anayeishi ndani yake ni mimi. Yeye mwenyewe amepanga kwenye jengo lenye lifti.

Zamani tulikuwa na vyumba viwili na baraza. Mama alikuwa fundi cherehani, akashona kwenye hiyo baraza miaka arobaini mpaka macho yakaingia ukungu, na mimi nikarithi cherehani. Mdogo wangu ndiye aliyepelekwa chuo. Sikununa, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na kichwa, na mimi nilikuwa na mikono, basi kila mtu akashika chake. Alipohitimu alikuja na mchoro mkubwa umekunjwa chini ya kwapa, akautandaza mezani, akasema, "Mama, nakujengea nyumba." Mama alilia. Na mimi nililia, mjinga mkubwa, nikafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Vyumba viwili vikabomolewa, baraza ikabomolewa. Ikaota nyumba ya zege tupu, haina plasta wala rangi, mpaka majirani kila wakipita wanauliza, "Mtamalizia lini?" Imeisha hiyo, jamani! Ndivyo ilivyo! Sebule ina dari juu kabisa kama ghala, na dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi juu, halina pazia kwa sababu pazia ni uchafu. Chumba cha mama kipo ghorofani ili aamkie kwenye mwanga. Choo kipo chini. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, mwanga kwake ni maziwa yaliyomwagika, lakini nani atamwambia msanifu?

Katikati ya hivyo viwili, chumba na choo, kuna ngazi. Vipandio kumi na vinne vya zege vimechomoza ukutani, upande mmoja umeshika ukuta na upande wa pili hewa. Chini yake hakuna kitu, na pembeni hakuna pa kushika.

"Weka bomba la kushikia," nilimwambia siku ya kwanza.

"Dada, ile ngazi inaelea. Ukiweka bomba umeiua."

"Na mama akianguka, nani atakuwa ameuawa?"

"Ukuta si upo? Ashike ukuta." Akanipapasa bega, kama ninavyompapasa mteja ambaye suruali yake haijawa tayari.

Ukuta wa zege laini haushikiki. Mama akaanza kushuka kwa makalio. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, aliyewahi kumfukuza mteja kwa futi ya chuma, anakaa kwenye kipandio cha juu na kujisogeza kimoja kimoja kama mtoto anayejifunza kutambaa, mara tatu nne kwa siku. Mwenyewe alifanya utani. "Nimerudi kutambaa," alisema. "Bado kunyonya tu." Alicheka, nikacheka, nikaenda jikoni nikapiga ngumi mlango wa kabati. Lakini kwa mdogo wangu hakulalamika hata siku moja. Akipiga simu, mama alikuwa anasema, "Nyumba nzuri, baba. Nyumba nzuri sana." Kuanzia alipozaliwa anamwita baba. Mimi ananiita wewe.

Mdogo wangu aliposafiri mwezi mzima kwa kazi zake, nikamwita fundi wa kuchomelea wa mtaani, tunamwita Cheche. Cheche aliitazama ngazi, akavua kofia. "Hii nani kaifanya? Ana ugomvi na ninyi?" Kesho yake akaleta bomba refu, akalifunga ukutani kwa vishikizo vinne na bolti, akalipaka rangi ya njano ili mama alione japo kidogo. Mama alilipapasa kutoka juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu. Halafu akaniomba kipande cha taulo, akakifunga fundo kwenye ncha ya juu ya bomba, kwa mikono yake mwenyewe, fundo la fundi.

"Mkono ukikuta fundo," alisema, "najua ngazi inaanza. Sihitaji macho."

Wiki tatu. Nataka niseme kuhusu hizo wiki tatu, kwa sababu ndizo zilizomwangusha. Mama alirudi kuwa mama. Alishuka amesimama, mgongo umenyooka, na kila asubuhi alikuwa getini anagombana na muuza mboga kuhusu nyanya asizoziona. Alikuja jikoni kunikosoa. Alishika mishono yangu kwa vidole na kusema, "Hii umeshona au umeshikiza tu?" Mkono wake ulijifunza lile fundo mpaka hakulitafuta tena, ulikwenda wenyewe, na mguu ukafuata.

Mdogo wangu akarudi siku mbili kabla ya majaji. Aliingia na mkoba wake, akasimama katikati ya sebule, akaliona bomba la njano. Sijawahi kumwona mtu akitazama bomba namna ile. Ungedhani ni nyoka.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Na salamu zako?"

Akanikalisha chini. Alinieleza polepole, na safari hii hakuwa na majivuno. Majaji wanakuja keshokutwa kutoka chuoni. Katika wahitimu wote wa miaka kumi zimebaki nyumba tatu. Akishinda atapewa kufundisha, atakuwa mwalimu wa chuo, mtoto wa fundi cherehani. Na kila mchoro aliowapelekea una ngazi isiyo na bomba. "Saa mbili tu, dada. Tunalitoa asubuhi, wakiondoka nalirudisha mwenyewe kwa mikono yangu. Naapa kwa mama."

"Basi tumwambie mama asishuke."

"Umwambie sababu? Unaujua mdomo wake. Wakimuuliza hali tu, atawaambia, 'Mimi mzima, ila wamening'olea bomba langu.' Mwambie akae juu mpaka umfuate. Basi."

Alikuwa sahihi kuhusu mdomo. Na nikataka ashinde. Hilo ndilo linaloniuma, siwezi kusema alinilazimisha. Nilitaka kutembea mtaani na kusema mdogo wangu anafundisha chuoni. Nilitaka wote wanaouliza mtamalizia lini wafunge midomo.

Asubuhi ya majaji alitoa kila kitu changu. Cherehani ikahamia kwa jirani. Chupa ya chai, beseni, kalenda, viatu vya mama, kamba ya nguo, vyote nje. Mezani akaweka bakuli moja na malimau matatu. Nilichukua moja nitie kwenye chai, akanichapa mkono. "Ni ya picha!" Nyumba ilibaki tupu kama siku waliyoondoa matanga, na yeye akaitazama kwa furaha.

Nilimwogesha mama, nikamvalisha gauni lake jeupe la sherehe, nikampandisha akiwa ameshika bomba lake. Nikamkalisha kitandani, nikamwashia redio. "Usitoke mpaka nije kukuchukua," nilimwambia.

"Kwani mimi mwali?"

"Mama, tafadhali."

Halafu nikatoa spana. Mikono yake mdogo wangu ni ya kalamu, bolti zilimshinda, kwa hiyo nilizifungua mimi. Zote. Mama akauliza kutoka ndani, "Nini kinagongagonga?" nikajibu, "Narekebisha dirisha." Fundo la taulo nililifungua la mwisho, nikalitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na spana. Yeye akaziba matundu kwa puti aliyoichanganya na unga wa kijivu mpaka ikafanana na zege, akasugua kwa kidole, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Hata mimi sikuona palipokuwa na tundu. Hapo nilikiri kwamba ni kweli kasoma.

Wakaja watatu. Profesa mmoja mama mwenye miwani nyekundu, mzee aliyekuwa anagonga kuta kwa kifundo cha kidole bila kusema neno, na mpiga picha wa jarida. Mdogo wangu aliwazungusha. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima. Alisema kila mstari wa ile nyumba ni mama yake. Profesa akavua miwani akaifuta. Akauliza kama anaweza kumsalimu mwenye nyumba, na mdogo wangu akajibu haraka, "Anapumzika juu, mwalimu. Umri." Vizuri. Nikapumua. Nikaingia jikoni kupanga vikombe.

Ndipo mpiga picha akaharibu. Alikuwa amechuchumaa sebuleni, jicho kwenye kamera, akasema, "Ngazi hii bila mtu haina kipimo. Haijulikani ni kubwa au ndogo."

Hili ni jambo lao. Mdogo wangu alinionyesha zamani: kwenye kila mchoro wanaweka kijitu kimesimama, hakina sura wala jina, kazi yake ni kuonyesha ukubwa wa jengo. Wana vijitu hivyo tayari, wanavibandika tu. Nikasikia sauti ya mdogo wangu ikipanda na furaha, sauti ya mtu aliyepata wazo.

"Mama! Mama, hebu toka kidogo! Wageni wanataka kukuona!"

Nikatoka na sinia mkononi. Mlango wa juu ukafunguka. Mama akatokea na gauni lake jeupe, ametabasamu, kichwa kimeinuka kwa sababu huyo anayemwita baba kamwita mbele ya watu.

Nilikuwa na muda. Nisijidanganye. Kutoka mlangoni mpaka kipandio cha kwanza ni hatua nne, na mama hakimbii. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, simama, lakini mama angeuliza kwa nini, kwa sauti, na wangesikia. Nikamtazama mdogo wangu. Na yeye akanitazama. Alikuwa amekumbuka. Rangi ilimtoka usoni, niliona kwa macho yangu kwamba amekumbuka, na mdomo wake ukabaki umefungwa. Tulikuwa wawili, na mdomo mmoja ungetosha.

Mama alinyoosha mkono kutafuta fundo. Hakulikuta. Akadhani hajalifikia, akasogea mbele kulifuata, mkono bado umenyooka, na bado anatabasamu. Kamera ikalia. Akasogea tena.

Sitaelezea alivyoanguka. Alianguka upande wa hewa.

Profesa ndiye aliyefika wa kwanza, akapiga magoti kwenye zege. Mama alikuwa na fahamu, nyonga imevunjika, anauma meno na kuomba radhi kwa wageni. Lo, anaomba radhi! Mdogo wangu amesimama mikono kichwani, "Macho yake, mwalimu, ni macho yake, ana ugonjwa wa macho." Profesa akainua kichwa akaitazama ngazi, halafu akanitazama mimi, si yeye. Alikuwa na akili yule mama.

"Ngazi hii haijawahi kuwa na mahali pa kushika?"

Spana ilikuwa inanigonga pajani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi kilikuwa kwenye aproni.

"Haijawahi," nikasema. "Mama ameshaizoea."

Mdogo wangu ni mtu wa ahadi. Mchana ule ule, mama akiwa hospitali, alirudi nyumbani akachokonoa puti, akalifunga bomba kwa mikono yake kama alivyoapa. Lilikuwa limepinda kidogo, lakini alilifunga. Mimi nikarudisha fundo mahali pake. Miezi miwili baadaye wakatangaza tuzo. Kwenye ripoti yao waliandika kwamba ajali ya bahati mbaya, iliyotokana na maradhi ya mwenye nyumba, haipunguzi ubora wa kazi. Na sasa anafundisha chuo.

Mama alirudishwa na kitanda kikawekwa sebuleni, chini ya ngazi. Hatatembea tena. Siku ya kwanza tu aliniomba nipande nimwangalizie bomba lake.

"Lipo?"

"Lipo, mama."

"Na fundo?"

"Lipo."

Halafu akauinua mkono wa kulia, akaupiga kofi kwa wa kushoto, kofi la kweli. "Mkono mpumbavu huu. Umetia uzi kwenye sindano miaka arobaini, leo bomba zima linaushinda." Kila mgeni anayekuja kumjulia hali anasimuliwa hivyo. Bomba lilikuwepo, mwanangu alinijengea nyumba nzuri, mkono wangu ndio ulionisaliti. Na anaupiga. Nimemsikia miezi saba akiupiga, na nimekaa kimya nashona.

Basi jana likaja jarida. Mama alisikia bahasha ikichanika, akasema nimsomee. Nikavuta kigoda. Nikamsomea sanamu, nikamsomea ukuta wa hospitali, na viti vya mianzi vikamchekesha. Nikamsomea ya mdogo wangu. "Kazi yenye ujasiri na upendo." Mama akafumba macho, midomo inarudia kimya, ujasiri na upendo.

"Na picha ipo?"

"Ipo."

"Ya nani?"

Ningeweza kusema ya nyumba. Lakini miezi saba imenichosha, na nilishaanza kuitazama. "Yako, mama."

Akajiinua kwenye mto, akapangusa nywele utadhani anapigwa picha sasa hivi. "Nimekaaje?"

"Umesimama juu ya ngazi. Gauni jeupe. Umetabasamu, umenyoosha mkono. Chini wameandika: Mama wa msanifu akikaribisha wageni."

"Eh?" Anajua siku ya gauni jeupe ni ipi. Mama yangu si mjinga. Mkono wake ulitoka polepole ndani ya shuka, ukanyooka hewani vilevile kama kwenye picha. "Hapo ndipo nilipokosea. Niambie, mkono ulibakiza kiasi gani kulifikia bomba? Shubiri? Vidole viwili?"

Nilitazama picha. Ukuta safi, wa kijivu, hauna alama.

"Bomba halipo, mama."

"Halipo wapi?"

"Kwenye picha. Ukutani. Lilikuwa limetolewa siku ile, likarudishwa ulipokuwa hospitali. Mkono wako haukukosea. Ulikwenda mahali pake."

Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia alie, aupapase ule mkono, aubusu. Hakulia. Aligeuza uso upande wangu, yale macho meupe, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alilitoa?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyefungua bolti."

"Na baba? Alijua?"

Alikuwa ameshika shuka kwa ngumi mbili. Nilimwona anavyosubiri. Katika maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu elfu na vyote vimechakaa, kimoja tu kilichokuwa kimebaki ni huyo mwanawe, kachapishwa ukurasa wa kumi na mbili. Nilifungua mdomo. Safari hii nao ulifunguka, na ukasema uongo.

"Hakujua, mama. Alikuwa nje anawasubiri wageni. Ni mimi peke yangu."

Ngumi zikalegea. Akashusha pumzi ndefu, akajilaza, na uso wake ukatulia namna ambayo sijaiona tangu siku ile.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu. Tangu utotoni unamwonea wivu."

Nilikaa na jarida magotini. Nje muuza mboga alikuwa anapita anaita nyanya. Mama akajifunika vizuri, akaweka ule mkono wa kulia kifuani, juu ya wa kushoto, kwa upole.

"Haya, wewe," akasema. "Nirudie pale walipomsifu."

Nikamrudia.